Toa Hiyo Alama Chini ya Jicho

"Nani huyo anakuandikia 'asante mpenzi'?"

"Ni Sabiha, Derrick. Yule mama wa buibui. Si nilimtengenezea website?"

"Sabiha ako na sauti ya mwanaume."

"Sauti gani? Hiyo ni meseji imeandikwa, haina sauti!"

Hapo ndipo nilikosea. Derrick hakupenda kujibiwa na akili. Aliinua laptop yangu kutoka kwa meza na mikono miwili, nikadhani anataka kusoma vizuri, kumbe anapima uzito. Iliruka ikagonga ukuta. Kioo kikapasuka, vibonye vikatawanyika mpaka chini ya kitanda. Nikapiga nduru, lakini sikuimaliza. Ngumi ilinipata chini ya jicho la kushoto, ile ngumi yenye pete.

Hiyo pete lazima niwaambie. Ilikuwa ya chuma, nzito, na uso wa mraba. Aliivaa kidole cha kati. Ikikupata, kona yake inaingia kwa ngozi na kuacha mistari miwili midogo inayokutana, halafu mahali hapo panavimba.

"Ona sasa umenifanya nini!" akanifokea. "Ona umenifanya nini, Wangui!"

Mimi niko chini, damu inaingia kwa mdomo, na ati ni yeye amefanywa.

Baada ya dakika kumi alikuwa amepiga magoti, analia kuliko mimi.

"Nitakununulia ingine. Haki ya Mungu nitakununulia. Ni vile nakupenda mpaka naogopa. Hao watu wa internet watakuchukua."

"Derrick, hiyo ilikuwa kazi yangu."

"Mwezi ujao nakuja kwenu na wazee. Nijitambulishe kwa baba yako kama mwanaume. Hiyo si ndio umekuwa ukitaka?"

Ndiyo, hiyo ndiyo nilikuwa nikitaka. Nikamshika kichwa, nikamsamehe. Niiteni mjinga, nimezoea. Nilimpenda Derrick miaka miwili, nikapenda hata ile harufu ya dizeli kwa shati lake. Alikuwa dereva wa lori la mahindi, Kitale kwenda Bungoma na kurudi. Siku nne alikuwa wangu, siku tatu alikuwa wa barabara. Ndivyo nilivyojua mimi.

Kazi yangu ya mchana ilikuwa kuuza mbegu na dawa za ng'ombe katika duka moja hapa Kitale mjini. Website ilikuwa ya kujiongezea kipato. Nilijifunza kwa YouTube wakati wa lanchi, miezi saba, nikiandika code za kompyuta huku nikinusa dawa ya kupe. Kazi ya kwanza ilikuwa ya Sabiha, anayeuza buibui na manukato karibu na msikiti. Ilikuwa kazi mbovu, rangi zilikuwa zinapigana, lakini Sabiha aliipenda akaimba jina langu kwa kila mteja.

Kesho yake nilipita dukani kwake na miwani ya jua.

"Toa hiyo miwani," akasema.

"Ni mlango, Sabiha. Niligonga mlango."

"Mlango una pete?"

Nikaitoa miwani. Akaniwekea barafu kwa kitambaa, akanyamaza, na Sabiha si mtu wa kunyamaza.

Wiki hiyo hiyo nikapata meseji ya WhatsApp kwa namba nisiyoijua.

*Habari dada. Naitwa Rosaline, niko Bungoma. Sabiha alinipatia namba yako nikinunua shela. Nataka website ya harusi yangu, yenye picha na ratiba na mahali pa watu kusema wanakuja. Kamati inakutana Jumapili ijayo kwa ukumbi na watafungua kwa projekta. Utaweza?*

Nilirukaruka nyuma ya magunia ya mbegu. Nikamwambia nitaweza. Sikumwambia kwamba laptop iko kwa gunia na nitaifanya yote kwa simu. Nani huambia mteja hivyo?

Akatuma picha kumi na mbili. Msichana mzuri, meno meupe, shavu la kubonyea. Halafu akatuma ya kumi na tatu, uso peke yake, kubwa.

*Hii ndio nataka ikuwe ya kwanza kabisa, juu. Lakini tafadhali toa hiyo alama chini ya jicho.*

Nikaivuta kwa vidole ikakuwa kubwa. Chini ya jicho la kushoto kulikuwa na mistari miwili midogo inayokutana, na ngozi imevimba kuizunguka.

Nikaenda kwa kioo cha choo cha duka. Nikaweka simu kando ya uso wangu. Nikajiambia pete za mraba ziko nyingi Kenya hii.

*Pole dada,* nikaandika. *Uliumia aje?*

*Niligonga mlango.*

*Nitumie picha ya bwana harusi.*

*Hataki picha sana, lakini ngoja nimuibie moja.*

Picha ikaingia. Derrick, na suti ya kijivu niliyompigia pasi mimi mwenyewe, nikijua anaenda mazishi ya mjomba wake huko Malakisi.

Nilifunga mlango wa choo, nikampigia simu Rosaline.

"Dada, huyo mwanaume ako na pete ya chuma kidole cha kati?"

"Eh, ako nayo. Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi pia niko na alama kama yako. Chini ya jicho, upande huo huo. Mimi ni msichana wake wa Kitale, Rosaline. Miaka miwili."

Nilisikia akifunga mlango upande wake.

"Aliniambia utapiga," akasema polepole.

"Alikuambia nini?"

"Ati kuna mwanamke mwenda wazimu Kitale anamfuatafuata. Ati atasema uongo mwingi. Sikujua ni wewe nimepatia kazi."

"Na mlango? Mlango pia ni mwenda wazimu?"

"Wewe mwanamke wa kando, usinifundishe mambo ya nyumba yangu! Baba yangu amepokea ng'ombe. Kadi zimeenda mpaka Nairobi. Unataka nikuwe kicheko cha Bungoma yote? Derrick ako na hasira, ndio, lakini akishaoa atatulia. Wote hutulia."

"Atatulia ukiwa umekufa."

"Maliza kazi niliyokulipia. Toa alama. Sitaki kusikia sauti yako tena."

Akakata.

Nikawaza tu: acha Rosaline amchukue. Jumamosi moja tu ya harusi, na mimi nitakuwa huru bila kuinua kidole. Nilikaa na hilo wazo siku nzima na lilikuwa tamu, nisiwadanganye. Kisha ningeiona ile picha na utamu unaisha.

Jioni Derrick alifika. Hakubisha, alikuwa na ufunguo wake.

"Unasikia raha kumpigia mchumba wangu simu?"

"Mchumba wako ni mimi! Si ulisema mwezi ujao unakuja na wazee?"

"Wewe ni wa Kitale," akasema kwa upole kabisa. "Yeye ni wa nyumbani."

Nilimrukia. Sikuwa nimewahi kumpiga, siku hiyo nilimpiga. Nilimkwaruza shingo, nikamuuma mkono mpaka nikasikia chumvi ya damu yake. Alinishika koo na mkono mmoja akanibana kwa ukuta, akaniinua. Miguu ilitafuta sakafu ikaikosa. Niliona macho yake kwa karibu, na hayakuwa na hasira hata kidogo, yalikuwa yamepoa. Hicho ndicho kiliniogopesha.

"Utamaliza hiyo website," akasema. "Utatoa hiyo alama. Jumapili ikiisha vizuri, nitakuja tuendelee kama kawaida. Ikiisha vibaya, Wangui, baba yako atakuzika. Nimesema?"

Sikuweza kusema, nikakubali kwa kichwa. Akaniachilia nikaanguka juu ya miguu yake. Akanitengeneza nywele kabla ya kutoka. Wallahi, kama anavyosema Sabiha, alinitengeneza nywele.

Nikamaliza ile kazi. Usiku mbili, vidole viwili, simu ndogo, koo limevimba nikinywa uji tu. Nilitoa alama ya Rosaline kidogo kidogo, nikichukua rangi ya shavu na kupaka juu, mpaka ukaona kama hajawahi kuguswa na mtu. Nililia nikiifanya. Nikafungua kwa simu, ikapendeza, nikamtumia. Akajibu kwa neno moja: *Sawa.*

Jumapili saa nne asubuhi Sabiha akanipigia.

"Wangui, nimefungua ile website ya Rosaline hapa kwa kompyuta ya duka. Umefanya kazi, mashallah. Lakini mbona umewacha bibi harusi na jeraha?"

"Jeraha gani? Nilitoa!"

"Liko hapa. Kubwa, naliona mpaka nikiwa mlangoni."

Nilikimbia mpaka kwake. Kweli lilikuwepo. Nikajua hapo hapo nimefanya nini, na ni kosa ambalo mwanafunzi wa wiki ya kwanza hulicheka. Kila picha niliiweka mara mbili: ndogo ya kuonekana kwa simu, kubwa ya kuonekana kwa kompyuta. Nilisafisha ile ndogo, nikaiangalia kwa simu, nikaridhika. Ile kubwa nikaisahau vile ilivyokuja. Kama ningekuwa na laptop ningeiona siku ya kwanza. Na laptop, nyinyi mnajua ni nani aliivunja.

Projekta ya ukumbi ilikuwa inafunguliwa na kompyuta. Kurekebisha ni dakika tatu. Nilishika simu kurekebisha, kidole kikakataa. Nikampigia Rosaline.

"Usikate," nikamwambia. "Nimekosea. Kwa simu uko safi, lakini kwa ukuta wa ukumbi alama itatoka, kubwa kama mlango. Naweza kuitoa saa hii. Niambie tu."

Alikuwa anapumua vibaya. Maneno yalitoka yamejikunja.

"Alikuja jana," akasema. "Aliuliza kama nakuamini wewe. Nikasema hapana. Akasema nimechelewa kujibu."

"Amekuumiza wapi?"

"Mdomo. Na mbavu. Mama ameniambia nipake poda."

"Rosaline, nitoe ama niache?"

Kwa mbali nilisikia kina mama wakiimba wakipanga viti.

"Iache," akasema. "Na wewe uje. Sitaweza kuongea nikiwa peke yangu."

Sabiha alifunga duka akanipeleka na gari la kaka yake. Saa tisa tulikuwa Bungoma. Ukumbi ulikuwa umejaa, watu kama mia moja wametoka kanisani, wazee wa Bokoli, kwao Rosaline, wamekaa mbele na kofia zao magotini. Baba ya Rosaline, Mzee Wakoli, alikuwa amekaa katikati na fimbo yake. Derrick alikuwa kando yake na ile suti ya kijivu. Kola ilikuwa imefunika mahali nilipomkwaruza. Sisi tuliingia na mlango wa nyuma, hakutuona.

Mwenyekiti wa kamati akawasha. "Wapendwa, hii ndio website ya watoto wetu, dunia yote inaweza kuona!"

Uso wa Rosaline ukajaa ukuta mzima. Watu wakaanza kupiga makofi, kisha makofi yakakufa safu baada ya safu.

"Hiyo ni nini hapo kwa jicho?" mama mmoja akauliza.

"Ni kivuli," Derrick akasema haraka. "Picha ilipigwa vibaya. Zima hiyo kitu."

"Usizime," Mzee Wakoli akasema. Akasimama, akasogea mpaka karibu na ukuta, akaweka kidole juu ya ile alama. "Rosaline, kuja hapa mama. Hii ni kivuli?"

Rosaline alitoka kwa kina mama. Alichukua leso akafuta ile poda yote, mdomo, shavu, taratibu, mbele ya watu mia moja.

"Sio kivuli, baba. Ni pete ya Derrick. Na hii ya mdomo ni ya jana."

"Uongo!" Derrick akaruka. "Kuna malaya wa Kitale amemjaza..."

"Malaya wa Kitale niko hapa!" Nikapiga kelele kutoka nyuma. Nilikuwa nimetoa kitambaa shingoni. Vidole vyake vitano vilikuwa bado vimechorwa pale, zambarau. "Wazee, nitazameni. Jicho langu ni hili, na lake ndilo lile kwa ukuta. Mkitaka, leteni pete mpime!"

Ukumbi ukalipuka. Derrick hakunijia mimi kwanza, alimgeukia Rosaline akampiga kofi lililomwangusha juu ya meza ya projekta, mbele ya baba yake, mbele ya mchungaji. Ukuta ukawa mweupe. Kina mama wakapiga nduru. Kisha akaja kwangu akiruka viti, na mimi sikukimbia. Nilibeba kiti cha plastiki nikamvunjia usoni. Alinidaka nywele akanigonga na ukuta mara mbili, nikaona nyota, Sabiha akawa amemning'inia mgongoni akimng'ata sikio.

Fimbo ya Mzee Wakoli ndiyo iliyommaliza. Ilishuka kwa ule mkono wa pete, na mfupa ulilia mpaka watu wakanyamaza.

"Hapa nilikuwa nimekaa na wewe," mzee akasema, anahema. "Nimekula na wewe. Nikakuita bwana harusi."

"Mzee, mimi nililipa ng'ombe!"

"Zitarudi kesho. Zote, hata ile iliyozaa itarudi na ndama. Toka."

Vijana walitaka kummaliza. Derrick akapita dirishani na mkono umening'inia, tukasikia gari likiondoka kwa fujo.

Kituo cha polisi tulifika jioni, mimi na Rosaline, tukiwa tumeshikana kiuno kwa sababu hakuna aliyeweza kutembea sawasawa. Afande wa dawati la kina mama alitupatia fomu za P3 za kupeleka kwa daktari, akaanza kuandika maelezo yetu.

"Mlijuana lini?" akauliza.

"Leo," Rosaline akasema.

Simu yangu ikalia. Ilikuwa meseji.

*Wangui wangu. Niko kwa nyumba yako, si bado niko na ufunguo. Mkono umevunjika. Yule wa Bungoma sikuwa nampenda, ilikuwa ni mambo ya wazee. Ni wewe tu. Kuja peke yako unitunze, tuondoke kesho tuanze maisha mahali hatujulikani.*

Nitawaambia ukweli, moyo uliruka. Baada ya yote hayo, na koo langu vile lilikuwa, kuna kitu ndani yangu kilisikia *ni wewe tu* kikasimama kwenda. Miaka miwili nilikuwa nimengoja hayo maneno. Nililia hapo kwa benchi. Rosaline alisoma juu ya bega langu, akanishika mkono.

"Utaenda?" akauliza mwishowe.

Nikampatia afande simu. Nikamtajia plot, nyumba namba tatu, mlango wa kijani. Akaongea na wenzake wa Kitale, kisha akanirudishia.

"Wako karibu hapo. Nyumba ina mlango wa nyuma?"

"Iko na dirisha la nyuma."

"Basi mshikilie kwa simu asitoke. Utaweza?"

Nikapiga. Alishika mara moja.

"Wangui?"

"Ni mimi."

"Nilijua utapiga. Nilijua tu. Bado unanipenda?"

"Nakupenda, Derrick." Na wakati nasema haikuwa uongo, ndiyo maana aliamini. "Mkono unauma?"

"Sana. Uko wapi?"

"Niko Kitale, nimeshuka saa hii. Kaa kwa kitanda, usisimame. Umekula?"

"Sijakula. Utanipikia?"

"Nitakupikia."

"Samahani kwa laptop. Nitakununulia ingine, haki ya Mungu."

"Najua. Usijali."

"Na uko peke yako?"

Nikamwangalia Rosaline. Alikuwa amefunga macho, machozi yanapita juu ya ile alama.

"Niko peke yangu, mpenzi."

Kwa simu nikasikia mlango wangu ukibishwa, mara tatu, polepole.

"Ni wewe umefika?" Derrick akauliza, na sauti yake ilikuwa na furaha.

"Ndiyo," nikamwambia. "Fungua."

Akaenda kufungua.